Kozi za Jumla Hazina Kosa, Kosa ni Mpangilio

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kijana anayesomea uhandisi au uuguzi Marekani hulazimishwa kusoma pia historia, siasa na sanaa. Je, kozi hizo zinamjenga, au zinamlia muda na ada?"

Ninaishi Texas, pembezoni mwa Houston, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa na vijana wetu, Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, tukipanga masomo yao muhula kwa muhula. Sijaona kijana aliyekwama kwa sababu ya historia. Niliowaona wamekwama walikwama kwa kutojua kozi fulani iko fungu gani, na ipi lazima itangulie ipi. Naomba nafasi nieleze, kwa sababu wazazi wengi wanalaumu kisichohusika huku tatizo lenyewe likiendelea kuwala.

Kwanza, kwa nini kozi hizo zipo. Tanzania mtoto huchagua tahasusi akiingia kidato cha tano: PCM (fizikia, kemia na hisabati), PCB, HGL na nyinginezo. Kwa miaka miwili anazama katika masomo yake matatu, na chuo kikimpokea kinamtia moja kwa moja kwenye fani, ndiyo maana digrii nyingi kwetu ni za miaka mitatu. Mtoto wa Marekani hana tahasusi. Anamaliza darasa la kumi na mbili akiwa amegusa kila somo, kisha sehemu ya upana huo anaendelea nayo chuoni, na digrii inachukua miaka minne. Kenya nayo, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kidato cha tano na sita vikaondolewa, digrii iliongezewa mwaka. Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu: kila aliyepita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata wa uhandisi, anaikumbuka DS, somo la maendeleo ambalo wanafunzi husoma nje ya fani zao.

Digrii ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Kozi nyingi zina krediti 3, zenye maabara huwa na 4. Kwa vyuo vya umma vya Texas, krediti 42 kati ya hizo ni za fungu la jumla, na zimegawanywa kwa sheria za jimbo: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi 6, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sayansi za jamii 3, na 6 nyingine ambazo kila chuo huzipangia matumizi yake. Zinazobaki ni za fani kuu, kozi saidizi za fani hiyo, na za hiari.

Mzazi akisikia 42 anashtuka: theluthi nzima ya digrii! Lakini hesabu hiyo ina siri ambayo wengi hawaambiwi. Kozi moja inaweza kujaza nafasi mbili. Mhandisi akisoma kalkulasi, ambayo ni lazima aisome kwa fani yake, amekwisha maliza hisabati ya fungu la jumla. Fizikia yake inalipa sayansi. Muuguzi naye, anatomia na fiziolojia zake zinalipa sayansi, takwimu inalipa hisabati, na saikolojia inalipa sayansi za jamii. Kinachobaki nje ya fani ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Anayeumia ni yule anayeambiwa na rafiki, "Chukua astronomia, ni nyepesi," akaichukua kujaza sayansi, kisha fani ikamdai fizikia palepale. Amelipia mara mbili nafasi iliyohitaji kulipiwa mara moja.

Kuhusu kozi za serikali na siasa nina neno la moyoni. Kijana aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, akaja hapa na familia yake, na kesho anategemea kuwa raia, anakaa darasani anafundishwa kaunti ina mamlaka gani, bodi ya shule inachaguliwaje, jaji anaingiaje madarakani, katiba ya jimbo inasema nini. Nani mwingine atamfundisha? Nimeona vijana wakirudi nyumbani na kumweleza mama haki zake kama mpangaji na namna ya kuhudhuria kikao cha bodi ya shule ya wadogo zao. Ukiniuliza kama krediti hizo 6 zimelipa, nasema zimelipa kuliko nyingi.

Sasa nije kwenye penye moto: kozi tangulizi. Hizi ni kozi ambazo usipozipita, mlango wa inayofuata haufunguki. Chukua uhandisi. Kalkulasi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, kisha milinganyo tofautishi. Fizikia ya wahandisi inataka kalkulasi ya kwanza. Kozi ya statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia, ambayo ndiyo mwanzo wa uhandisi wenyewe, inataka fizikia. Kozi za mwaka wa tatu zinataka statiki. Sasa mtoto anafika chuoni, anafanya mtihani wa kupimwa hisabati bila kujiandaa, kwa sababu ameambiwa ni wa kupima tu, na anapangiwa aljebra ya chuo. Baada ya aljebra kuna hisabati ya kuandaa kalkulasi. Mwaka mmoja umekwenda, na bado hajagusa hatua ya kwanza ya mnyororo. Hata akijaza ratiba kwa historia na sanaa, mnyororo hausogei. Akifeli kalkulasi ya pili, na kozi inayofuata chuoni kwake inafundishwa muhula wa vuli tu, mwaka mwingine huo. Hapo ndipo digrii ya miaka minne inapokuwa ya miaka sita, na mzazi anailaumu kozi ya muziki.

Kwa hiyo kwa vijana wa sayansi nasema hisabati ianze siku ya kwanza, muhula wa kwanza, na mtihani wa kupimwa uchukuliwe kama mtihani wa mwisho. Kijana aliyetoka kidato cha sita na PCM anaweza kabisa kuingia kalkulasi moja kwa moja, lakini akikaa miezi kadhaa bila kushika kalamu, atakuta ameiacha aljebra njiani. Arudie madaftari yake kabla ya kuufanya mtihani huo.

Uuguzi una mtego wa aina nyingine. Anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, na mara nyingi kemia hutangulia kabla hujaruhusiwa hata kuomba nafasi kwenye programu yenyewe, na nafasi zinagombaniwa kwa alama za kozi hizo hizo. Tena baadhi ya programu hazikubali kozi za sayansi zilizopita miaka mitano au saba. Dada anayefanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, akasoma kozi moja moja kwa muda mrefu, anaweza kufika mlangoni akaambiwa anatomia yake imepitwa na wakati. Kwake yeye, kozi za jumla zitangulie, sayansi zije karibu na wakati wa kuomba, zikae pamoja.

Halafu kuna kuhama. Wengi wetu tunaanza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, kwa sababu ada ni nafuu, na ni uamuzi mzuri. Texas imerahisisha: vyuo vya umma vinatumia namba za pamoja, na namba hizo zinasomeka. BIOL 2401 ni anatomia na fiziolojia ya kwanza: tarakimu ya kwanza ni ngazi ya mwaka, ya pili ni krediti. Ukimaliza fungu zima la krediti 42 chuo kimoja cha umma, kingine cha umma lazima kilipokee kama lilivyo. Lakini ukihama nalo nusu, au ukahamia chuo binafsi au jimbo jingine, linaanza kuchambuliwa kozi kwa kozi. Ripoti ya GAO, ofisi ya Bunge la Marekani ya ukaguzi, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Na hata inayopokelewa inaweza isihesabike. BIOL 1406 ni biolojia ya wanaosomea sayansi, BIOL 1408 ni ya wasiosomea sayansi. Zote biolojia, zote zina maabara, zote zinahama. Lakini mwanafunzi wa fani ya biolojia akihama na 1408, inawekwa kwenye fungu la hiari, na anaanza biolojia upya. Fungu la hiari ndilo ghala la krediti zilizokosa kwao. Vivyo hivyo digrii za miaka miwili: ipo iliyoundwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, na ipo ya ufundi, ya kuingia kazini moja kwa moja. Ya ufundi ni nzuri kwa kazi, ila kozi zake nyingi hazikubebi kwenda mbele. Uliza kabla ya kujiandikisha.

Wanafunzi wengi wetu pia wanadanganywa na neno "muda wote". Katika hesabu za msaada wa serikali wa kulipia masomo, krediti 12 kwa muhula ni muda wote. Zidisha kwa mihula minane: 96. Zinapungua 24, yaani mwaka mzima. Anayetaka kumaliza kwa miaka minne anahitaji 15, au majira ya joto ayatumie. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, naye 12 ni lazima, na kati ya hizo kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Asijisajili kozi tatu za mtandaoni kwa sababu zinaendana na kazi, atahatarisha viza.

Kuna sheria mbili za Texas ambazo vijana huzijua wakiwa wamechelewa. Katika vyuo vya umma, kozi ulizoziacha katikati haziruhusiwi kuzidi sita katika masomo yako yote ya digrii ya kwanza. Na krediti zako zikizidi zile za digrii kwa 30 au zaidi, chuo kinaweza kukutoza ada ya juu, hata kama ni mkazi wa jimbo. Kubadilisha fani mwaka wa tatu si dhambi, lakini piga hesabu hii kwanza.

Mzazi uliye Arusha, Mombasa au Bukavu, unayetuma ada au unayesubiri habari tu, usimwulize mwanao, "Umefaulu?" Mwambie akuonyeshe ile ripoti ya digrii iliyo kwenye akaunti yake ya chuo. Kila mwanafunzi anayo, inaonyesha mafungu yote na kilichobaki katika kila fungu. Akuonyeshe krediti ngapi ziko kwenye fungu la hiari na zimefikaje huko. Akuonyeshe pia kozi ya muhula ujao inafungua mlango wa kozi gani. Akishindwa kulijibu hilo la mwisho, amwone mshauri wa masomo wiki hiyo hiyo, kabla usajili haujafungwa.