Maswali na Majibu: Programu ya kupima waifai haikuzi mawimbi

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina nyumba ya wageni Mkomani, Lamu. Nimeweka kwenye simu programu ya kuskani waifai. Chini, karibu na ruta, inasoma −52. Chumba cha juu inasoma −82 na wageni wananung'unika. Orodha yake pia yachelewa kubadilika. Nataka kuwaandikia walioitengeneza waongeze kitufe cha kukuza mawimbi, maana kuna kijana ana programu nyingine inayokuza, aiuza shilingi 1,500. Ninunue, ama ningoje? – S.

JIBU: Waaleikum salaam, Bi S. Usinunue, wala usingoje. Kitufe hicho hakiji.

Ombi hili nakutana nalo kila mara, na linaniudhi kwa sababu kuna watu wanaokula kwalo. Pishi hupima mchele, haiuzidishi. Programu ya kuskani husikiliza matangazo ambayo ruta huyatoa takriban mara 10 kwa sekunde, ikakwambia yamefika na nguvu kiasi gani: namba ikizidi kwenda mbali na sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi, ndiyo maana −82 ni mbaya kuliko −52. Basi. Haina mkono wa kuigusa ruta yako, na nguvu ya redio ya simu imeshafungwa na kiwanda kilichoiunda. Hiyo ya kijana itakuchorea mshale unaopanda na kusema "tayari". Pima tena chumba cha juu baada ya mshale huo: utakuta ile ile −82.

Kutoka −52 hadi −82 ni desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha nguvu hizo), yaani kinachofika juu ni sehemu moja kwa 1,000 ya kile unachopata chini. Kilichoyala mawimbi ni kuta zako za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama zilivyo nyumba zote za mji wa kale. Itoe ruta chumba cha ndani, uiweke upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, pale nyumba ilipo wazi juu. Isipotosha, vuta waya hadi ghorofani ufunge kituo cha pili cha waifai. Tafuta −67 au karibu na hapo kitandani kwa mgeni, ndipo ataongea kwa video bila kukatika. Na kama karibu kabisa na ruta pia intaneti ni nzito, tatizo liko kwenye laini unayolipia. Hilo skana haioni.

Kuchelewa kwa orodha si kosa la programu, ingawa watu huipa nyota moja kwa ajili hiyo. Tangu Android 9, simu huiruhusu programu iliyo wazi kuskani mara 4 tu kwa kila dakika 2. Kuanzia Android 10 kikomo hicho chaweza kuzimwa kwenye chaguo za wasanidi (Developer options) ndani ya mipangilio ya simu.

Ukiwaandikia, omba kitu kinachowezekana: kuhifadhi vipimo kwa jina la chumba, ili ulinganishe kabla na baada ya kuhamisha ruta. Taja aina ya simu na toleo la Android. "Haifanyi kazi" peke yake haimsaidii mtu.

Sasa hao wauzaji. Leo ni kukuza mawimbi, kesho ni "kuonyesha nywila ya jirani". Nywila haimo kwenye matangazo ya ruta, kwa hiyo hakuna skana ya kuisoma. Na kuingia mtandao wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018. Angalia pia wanachokuomba. Ruhusa ya mahali ulipo ni ya kweli, Android yenyewe huitaka ili kuskani. Lakini programu ya waifai inayotaka kusoma meseji na majina ya simu yako inatafuta kitu kingine, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako. Kama kijana ameshakuwekea ya kujaribu, ifute leo, na kama uliiandikia nywila ya ruta, ibadilishe.