"Hukumu ya ladha" si kichekesho

SWALI: Ninaandika kwa Kiswahili makala fupi kuhusu Hume wa Uskoti na Kant wa Ujerumani, wanafalsafa wa karne ya 18, namna wanavyolinganisha hukumu tunazotoa juu ya matendo ya watu na zile tunazotoa juu ya uzuri wa vitu. Mwenzangu aliyeipitia rasimu amefuta kila mahali nilipoziita hizo za pili "hukumu ya ladha". Anasema hukumu ni ya mahakamani na ladha ni ya jikoni, akaweka "uamuzi wa kiurembo". Kisha akaongeza kwamba mada yenyewe haiandikiki kwa Kiswahili, maana sisi husema "sura nzuri" na "tabia nzuri" kwa neno lilelile, kwa hiyo wema na uzuri kwetu ni kitu kimoja. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, rudisha ulichofutiwa. Mwenzako amesikia vizuri harufu ya kila neno, ila amedhani harufu hiyo ni kasoro.

Ni kweli kwamba sikio la Mswahili likisikia "hukumu" hukimbilia kwa hakimu na miaka saba jela. Lakini Kant naye alitumia neno la mahakamani. Urteil, neno lake la Kijerumani, ndilo majaji wa Ujerumani wanalotumia hadi leo kwa hukumu wanayoisoma mbele ya mshtakiwa. Wala hakuionea haya harufu hiyo: katika dibaji ya kitabu chake cha 1781 juu ya akili safi aliieleza kazi yake kuwa ni kuiundia akili mahakama. Nasi tuna bahati ya ziada, kwani hukumu, hakimu na hekima zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

"Uamuzi" ni jambo jingine. Kuamua ni kuwatenganisha wanaogombana, ndiyo maana refa huitwa mwamuzi. Na katika matumizi mapana ni kukata shauri: nimeamua kuhama, nimeamua kuoa. Kuna utashi ndani yake. Mtu anayetazama jua likizama na kusema "zuri!" hajaamua chochote. Neno hilo liweke akiba kwa pale mtu anapochagua la kutenda. Huo ndio uamuzi wa kimaadili. Anayesimama kando na kusema tendo la mwingine ni jema au ovu, huyo anatoa hukumu. Adam Smith, rafiki wa Hume, katika kitabu chake cha 1759 juu ya hisia za maadili, alimjenga mtu huyo wa kando, mtazamaji asiyependelea upande, akamfanya nguzo ya nadharia yake. Ukiandika "uamuzi" kila mahali, mtazamaji na mtendaji watakuchanganyikia.

Na "urembo" hapana kabisa. Urembo ni wanja, hina, hereni, ushanga. Ni kitu cha kuongezwa juu ya kitu. Kant ana nafasi yake maalumu kwa jambo hilo. Katika kitabu chake cha 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu anazungumzia fremu za picha, mavazi ya sanamu na nguzo zinazozunguka majumba. Fremu ya dhahabu iliyowekwa ili picha isifiwe kwa mng'ao wake, anasema, ni pambo tu, na hata huupunguza uzuri wa kweli. Hilo pambo ndilo urembo wetu. Ukilitumia neno hilo kwa uzuri wote, ukifika ukurasa huo utakosa la kusema. Kwa taaluma nzima inayochunguza uzuri na sanaa tumia "ujumi", ambalo wahakiki wa fasihi wamekwisha kulizoea. Msiwe na haraka ya kulicheka kwamba ni geni: hata huko Ulaya jina la taaluma hiyo lilibuniwa. Mwanafalsafa Mjerumani Alexander Baumgarten alilichonga, aesthetica, kutoka Kigiriki katika tasnifu yake ya 1735, kisha mwaka 1750 akaanza kutoa kitabu kizima chenye jina hilo.

Sasa ladha. Hapa ndipo swali lako lina utajiri, na mwenzako amelipita mbio.

Jikoni ndiko hasa walikotaka kutupeleka wanafalsafa wa karne ya 18. Katika insha yake ya 1757 juu ya kipimo cha ladha, Hume anakopa kisa kutoka riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye akausifu, ila yeye aliisikia ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini kabisa ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ugwe wa ngozi. Hoja ya Hume imesimama juu ya ulimi: kama yupo mwenye hisi pevu kuliko wengine katika mvinyo, yupo pia katika mashairi. Ondoa neno "ladha", kisa kinakufa.

Lakini kuna mtego wa Kiswahili ambao ni lazima uujue. Kwetu ladha hukaa ndani ya kitu. Chakula kina ladha, muziki una ladha ya pwani, hadithi imepoteza ladha. Katika Kiingereza na Kijerumani neno hilo hukaa pande mbili: kitu kinayo, na mtu naye anayo, kwa maana kwamba anajua kutofautisha kizuri na kibovu. Ukisema kwa Kiswahili "Hume ni mtu mwenye ladha", msomaji atadhani ameliwa. Mtu wa aina hiyo sisi husema anajua kuvaa, anajua kuchagua, anajua muziki. Tunamsifu kwa ujuzi. Kwa hiyo gawanya: "ladha" peke yake iache kwa kitu, uwezo wa mtu uite "hisi ya ladha", kama tunavyofundishwa shuleni kwamba ni mojawapo ya hisi tano, na anachokitamka kiite "hukumu ya ladha". Usijaribu "ulimi mkali" wala "ulimi mwepesi" kwa wale jamaa wa Sancho, maana hapo utakuwa umewasingizia matusi na umbeya.

Mgawanyo huo haukusaidii tu kisarufi. Swali lenyewe la zama hizo lilikuwa hili: uzuri uko katika kitu au katika anayekitazama? Na hapo ndipo maadili yanapoingia, kwa sababu Hume, katika kitabu cha tatu cha risala yake kubwa juu ya maumbile ya binadamu (1740), anasema wema na uovu wafananishwe na sauti, rangi, joto na baridi, ambavyo kwa mujibu wa falsafa ya wakati wake si sifa za vitu bali ni mambo yanayohisiwa akilini. Ukimchunguza muuaji na tendo lake upande wote, asema, hutauona uovu mpaka utazame kifuani mwako mwenyewe, ukute hisia ya kuchukizwa. Kiswahili kwa "ladha" kimeelemea upande wa kitu. Mwandishi wa Kiswahili anayemweleza Hume anapiga makasia dhidi ya maji, na ni vizuri ajue.

Tuje kwenye shtaka zito, kwamba Kiswahili hakitofautishi wema na uzuri. Kinatofautisha, ila tumezembea. Kivumishi -ema kimekuwa kikirudi nyuma, na -zuri kikijaza pengo. Tazama palipobaki -ema: safari njema, usiku mwema, habari njema, matendo mema, chema chajiuza kibaya chajitembeza. Msafiri anapoondoka tunamtakia safari njema; akirudi anasema safari ilikuwa nzuri. Mtu mwema hana utata wowote. Mtu mzuri anao: ni sura au ni tabia? Wahenga waliuona utata huo na kuutumia waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Upande wa kukanusha hali ni mbaya zaidi, kwani -baya hupinga vyote viwili. Ndipo tunapohitaji -ovu kwa ajili ya matendo.

Kwa makala yako tofauti hii si pambo. Katika kifungu cha 59 cha kitabu kile cha 1790 Kant anasema kwamba kizuri ni ishara ya kilicho chema kimaadili. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa -zuri pande zote mbili: "uzuri ni ishara ya uzuri". Umebaki na upepo. Vivyo hivyo mfano wake wa jumba la kifalme. Mtu anaulizwa kama jumba lile ni zuri. Anaweza kujibu kwa kuwalaani wakubwa wanaotumia jasho la watu kwa vitu visivyo na kazi. Kant anasema: sawa, nakubaliana na yote, lakini sicho nilichouliza. Kwa Kiswahili cha mtaani mjibuji angesema "si jambo zuri hata kidogo", na sote tungedhani amejibu swali. Kwa hiyo katika makala moja jifunge kwa nidhamu: -zuri kwa kinachoonekana na kusikika, -ema kwa tendo na nia.

Ila usimruhusu mwenzako ajenge nadharia ya fikra za Waswahili juu ya kivumishi kimoja. Neno kalos la Wayunani wa kale lilibeba yote mawili, uzuri na wema, na hakuna anayesema Aristotle alishindwa kufikiri. Mwanafalsafa Francis Hutcheson, aliyemtangulia Hume, mwaka 1725 aliviweka uzuri na wema katika kitabu kimoja chenye sehemu mbili, tena kwa makusudi. Na Wajerumani wana "roho nzuri" yao: mshairi Schiller, katika insha ya 1793, aliiita hivyo roho ya mtu ambaye wajibu na mapenzi ya moyo vimepatana ndani yake bila kuvutana. Sisi tukisema fulani ana roho nzuri huwa tunamaanisha hana choyo. Si kilekile, lakini ni jirani.

Tena kuna mahali ambapo Kiswahili kinamweleza Kant kwa wepesi ambao sijauona kwingine, nacho ni kiambishi kidogo cha mtendwa. Kant anatofautisha kinachofurahisha na kilicho kizuri. Mtu akisema mvinyo wa visiwa vya Canary unapendeza, hakatai akirekebishwa aseme "unanipendeza mimi". Lakini akisema jengo au shairi ni zuri "kwangu mimi", Kant anaona ni kichekesho, kwa sababu kuliita kitu kizuri ni kudai kwamba wengine nao wakubali, ingawa huna kanuni ya kuwathibitishia. Sasa sikiliza: "nguo imenipendeza" na "nguo imependeza". Tofauti ni -ni- peke yake. Katika ya kwanza nimejiingiza ndani ya kitenzi, nasema habari yangu. Katika ya pili nimejitoa, na ninachosema kinakuhusu wewe na kila mwenye macho. Bibi harusi akipita ukumbini, wote husema "amependeza!" Atakayesema "amenipendeza" atatazamwa kwa jicho lingine, hasa na bwana harusi.

Hicho ndicho Kant alichokiita kutokuwa na maslahi katika uzuri, yaani kukifurahia kitu bila kukitaka kwa faida yako, na wageni wa harusini wanakijua bila kumsoma. Tumia jozi hiyo katika makala yako. Itakuokolea kurasa mbili. Kumbuka tu kwamba kwake maadili hayapiti njia hii. Nayo hudai kukubaliwa na wote, lakini kwa sheria ya akili inayoweza kuelezwa, kama alivyokwisha kufundisha tangu 1785, si kwa kupendezwa.

Limebaki dogo. Umeandika "hisia ya maadili" kwa nadharia ya Hutcheson. Ifanye "hisi ya maadili", kwa kuwa anazungumzia uwezo wa kutambua, kama kuona na kusikia. "Hisia" ni kinachopatikana baada ya uwezo huo kufanya kazi. Kwa Hume, hisia ndiyo yenyewe. Sentensi yake maarufu umeifasiri "maadili huhisiwa zaidi kuliko kuhukumiwa", na hapo, nakubali, mwenzako angekuwa na haki ya kucheka: kitu kinachohukumiwa kwa Kiswahili kiko kizimbani. Andika "maadili twayahisi zaidi kuliko tunavyoyatolea hukumu".