Upanga wa ofisa ulikuwa silaha kweli

Ndugu, umeuliza kama upanga anaoushika ofisa kwenye gwaride uliwahi kufanya kazi vitani wakati bunduki zilikuwepo tayari. Ulifanya kazi sana, hasa kwa askari wa farasi.

Chukua Waingereza. Katika vita vya Flanders (Ubelgiji ya leo), miaka ya 1790, ofisa wao wa farasi John Gaspard Le Marchant aliona askari wakijikata wenyewe na kujeruhi farasi wao kwa kukosa mafunzo. Akashiriki kubuni upanga wa 1796: umepinda, na ubapa wake unapanuka kuelekea ncha ili pigo liwe zito. Akaandika na mwongozo wa kuutumia, na kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa zaidi. Aliuawa Salamanca, Hispania, mwaka 1812 akiongoza askari wa farasi vitani.

Mwaka 1908 Waingereza wakageuka kabisa, wakatoa upanga mwembamba ulionyooka, wa kuchoma. Ulichelewa: rashasha, mahandaki na seng'enge vilikuwa vinawasubiri katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kwenye gwaride imebaki saluti. Ofisa huleta mpini karibu na midomo, kisha hushusha ncha chini upande wa kulia.