Futa huo mstari wa export TERM kabla haujakula kibarua chako

Mkuu, kabla sijamaliza kusoma swali lako: toa hiyo `export TERM=xterm-256color`, mstari unaoiambia kila programu kwamba teminali yako (dirisha la kuandikia amri) ni xterm, kwenye .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa kila ukifungua dirisha hilo. Sasa hivi. Fungua faili, futa mstari, hifadhi, funga dirisha, fungua jipya, halafu ndiyo urudi tuongee.

Nimeona umeuliza mambo mengi. Una laptopu ya RAM 2GB, umeweka teminali ya urxvt kwa sababu ni nyepesi, unataka fonti ipendeze, rangi, dirisha liwe la kuonyesha nyuma, kukopi na kupesti. Sawa. Halafu chini kabisa, kama mgonjwa anayeeleza viatu vyake dakika kumi ndipo akumbuke kusema anatapika damu, umeandika kwamba ukiingia seva ya kazini kwa ssh (njia ya kuendesha mashine ya mbali) inakujibu `unknown terminal type`, yaani haiijui teminali yako, na kuna jamaa mtandaoni amekuelekeza huo mstari "na sasa inapiga kazi freshi". Hapo kwenye "freshi" ndipo chai iliponipalia.

Mimi pia ilipiga kazi freshi. Wiki tatu nzima.

Ngoja nikusimulie. Mwaka 2019 nilikuwa na kibarua cha kuangalia kompyuta za duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi, Mwanza. Kuna seva moja ya FreeBSD (mfumo wa kuendesha kompyuta, wa ukoo wa Unix) chini ya kaunta, imezungukwa na misumari na vumbi la saruji, inaendesha mfumo wa mauzo. Mimi nakaa nyumbani na laptopu kama yako, urxvt kama yako, naingia kwa ssh. Siku ya kwanza nikapata ujumbe huo huo uliopata wewe. Seva haimjui `rxvt-unicode-256color`, jina ambalo urxvt inajitambulisha nalo. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta video ya kijana mmoja anayejiita mtaalamu, ana muziki mkubwa na teminali inayowaka rangi kama basi la usiku, anasema "tatizo hili ni dogo sana wadau", akabandika huo mstari. Nikaupesti. Ujumbe ukapotea. Nikamwekea na like, Mungu anisamehe.

Tarehe 11 ya mwezi huo mzee mwenye duka akanunua diski kubwa ya nje ya bakapu. Nikaipachika kwenye /mnt/bakapu, nikafungua kwa vi, kihariri cha maandishi, skripti ya bakapu (faili la amri zinazojiendesha kila usiku) ili nibadilishe njia. Mstari ulikuwa hivi:

`KWENDA=/mnt/zamani/duka`

Nikaweka kishale kwenye "zamani", nikapiga `cw` (badilisha neno), nikaandika "bakapu". Mpaka hapo hakuna kosa. Kisha nikabonyeza kitufe cha End, nihakikishe mwisho wa mstari hauna takataka. Nikaona uko safi. Nikapiga :wq, hifadhi na utoke. Nikaenda kula.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo penye uzi wote. Kitufe cha End kwenye urxvt kinatuma herufi hizi: Esc, mabano `[`, namba 8, na alama ya `~`. Kwa xterm, End ni Esc, O, F. Mimi nimeidanganya seva kwamba ninatumia xterm. Kwa hiyo vi ya kule haikutambua kwamba nimebonyeza End. Imeona nimepiga Esc, ikatoka kwenye hali ya kuandika. Ikaona `[8`, ambayo haina maana kwake, ikaitupa. Ikaona `~`. Na kwenye vi, `~` ni amri halali kabisa: geuza herufi iliyo chini ya kishale, ndogo iwe kubwa, kubwa iwe ndogo. Kishale kilikuwa juu ya "u" ya mwisho.

`KWENDA=/mnt/bakapU/duka`

Itazame tena. Mimi sikuiona. Nilikuwa naangalia mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ulikuwa safi.

Mstari wa pili wa skripti, kwa ujanja wangu mwenyewe, ulikuwa `mkdir -p "$KWENDA"`, yaani unda folda hiyo. Usingekuwepo, skripti ingelia usiku ule ule kwamba folda haipo, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini hapana, mimi ni mtu makini, nimeweka -p ili isilalamike. Ikaunda folda mpya ya bakapU kwenye diski ya mfumo yenyewe, na kila usiku ikajaza humo kitu cha 1.3GB hivi. Diski ya nje ikakaa pembeni imewaka taa ya kijani, tupu kama mfuko wangu baadaye. Usiku 19. Nafasi iliyokuwepo kwenye diski ya mfumo ilikuwa 25GB, piga hesabu mwenyewe.

Tarehe 30 asubuhi, siku ya kufunga mwezi, simu. "Kijana, mashine yako imegoma." Imekuwa mashine yangu siku hiyo, siku zingine zote ilikuwa mashine ya mzee. Diski imejaa asilimia 100, databezi imekata katikati ya kuandika, jedwali la mauzo limeharibika. Nikasema hakuna shida mzee, bakapu ipo. Nikafungua /mnt/bakapu kwa madaha. Haina kitu. Niliandika `ls` mara sita, kana kwamba ya sita ingenionea huruma.

Kuipata ile ya U kubwa kulinichukua saa nzima. Faili la usiku wa kuamkia siku ile lilikuwa limekatika kwa kukosa nafasi, kwa hiyo nikarudisha la usiku wa nyuma yake. Mauzo ya siku moja na nusu yakapotea. Mimi na dada wa kaunta tukakaa na vitabu vya risiti, mia nne na kitu, tunaingiza moja moja hadi alfajiri: nondo, saruji, misumari ya bati, nondo. Mwandiko wa karani wa stoo hauna tofauti kati ya 1 na 7. Mzee hakunifokea. Alininunulia chai, akaniambia nirudishe nusu ya malipo ya mwezi ule, na mwezi uliofuata akachukua mtu mwingine. Laki mbili na kibarua, kwa sababu ya herufi moja. Cheti changu cha mitandao bado kiko ukutani, kinanitazama tu.

Na usiniambie "mimi natumia Vim". Najua. Vim ya siku hizi, ambayo ni vi iliyoboreshwa, inazijua nyingi za herufi hizo bila kuuliza mtu, ndiyo maana kwenye laptopu yangu sikuona tatizo. FreeBSD ukiandika vi unapata nvi, aina nyingine ya vi, na nvi inakuamini ulivyojitambulisha. Mashine za watu zina kila aina ya vi. Wewe umesema seva ya kazini ni ya zamani, sasa jiulize iliyomo humo ni ipi.

Dalili nilikuwa nazo. Kwenye bash, programu inayopokea amri zako, kila nikibonyeza Home au End ilikuwa inaandika kialama cha `~` kwenye mstari. Nilidhani kibodi imechoka. Nilinunua kibodi, mkuu. Nilinunua kibodi mpya.

Yule wa video nilimwandikia. Kwa adabu kabisa, nikamweleza herufi kwa herufi, nikamwomba aongeze tahadhari hata kwenye maelezo ya chini. Akajibu maneno matatu: "Kwangu inafanya kazi." Bila shaka kwake inafanya kazi! Yeye hana seva ya mtu, ana mandhari ya katuni na kipaza sauti. Na chini yake komenti mia za "asante kaka umeniokoa". Watu wa namna hii wanafundisha kuziba mdomo wa mashine inapolia. Mtoto akilia unaangalia ana nini, humpi pamba ya mdomoni.

TERM ni jina ambalo teminali inajitambulisha nalo. Limetoka enzi ambazo teminali ilikuwa chombo kweli, kioo na kibodi mezani. DEC walitoa VT100 mwaka 1978, kampuni nyingine zilikuwa na vyombo vyao, kila kimoja na lugha yake. Bill Joy pale Berkeley, huyo huyo aliyeandika vi, akatengeneza termcap, daftari la majina: ukikutana na fulani, kusogeza kishale unamtumia hivi, na End yake inaonekana hivi. Terminfo ni daftari hilo hilo lililokua. Ukibadilisha jina, chombo chako hakibadiliki, ila programu inafungua ukurasa wa mtu mwingine. Ni kwenda dirisha la dawa na cheti cha jirani. Dawa utapewa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia hata nikifukuzwa kwenye uzi huu: TERM inawekwa na teminali yenyewe. Wewe usiiguse kwenye .bashrc, wala .profile, wala .zshrc. Seva ikisema haimjui mgeni, mtambulishe mgeni. Amri ni hii, unaitoa kwenye laptopu yako:

`infocmp -x rxvt-unicode-256color | ssh wewe@seva 'tic -x -'`

Infocmp inasoma ukurasa wa teminali yako, tic inauandika kule, ndani ya ~/.terminfo ya akaunti yako. Huhitaji kuwa root, mkuu wa mashine. Ukitoka na kuingia tena, seva inakujua kwa jina lako halisi.

Kama seva ni ya zamani mno na haina tic, usikimbilie xterm. Weka hivi kwenye ~/.Xresources ya laptopu, faili ambalo urxvt inasoma mipangilio yake:

`URxvt.termName: rxvt`

Rxvt ndiye mzazi wa urxvt, mashine nyingi za kale zinamfahamu, na End yake ni ile ile ya 8. Utapoteza rangi kadhaa. Mimi nilipoteza laki mbili, chagua.

Na hapa kuna mtego wa pili ambao najua utaukanyaga maana umetaja tmux, programu ya kufungua madirisha mengi ndani ya teminali moja. Ukiwa ndani ya tmux, teminali yako si urxvt tena, ni tmux, nayo ina End yake tofauti, ya namba 4. Mwenye `export TERM` kwenye .bashrc anafuta jina la tmux kila dirisha la tmux linapofunguka, anarudi kwenye uongo ule ule bila kujua. Jina hilo linawekwa ndani ya ~/.tmux.conf:

`set -g default-terminal "tmux-256color"`

Basi. Kule ndiko mahali pake. Ukija kuhamia teminali ya st ni vile vile, yenyewe inajiita st-256color na faili lake la st.info linakuja humo humo kwenye msimbo. Foot, teminali nyingine, inajiita foot. Ziache zijiite.

Haya, mengine uliyouliza. Fonti: `URxvt.font: xft:DejaVu Sans Mono:size=11`, na herufi zikiachana sana ongeza `URxvt.letterSpace: -1`. Ukishahariri Xresources piga `xrdb -merge ~/.Xresources`. Iwe -merge, kwa sababu ukiiacha xrdb ipakie faili hivi hivi inafuta yote yaliyokuwepo na kuweka yako tu. Kukopi ni Ctrl+Alt+C, kupesti Ctrl+Alt+V, usihangaike na Shift. Kwa RAM yako unaweza kuwasha urxvtd mara moja kisha ufungue madirisha kwa urxvtc, yanatumia mchakato mmoja, ila mchakato huo ukifa madirisha yote yanakwenda nao. Rangi ziko nyingi mtandaoni, bandika zozote, rangi hazijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Mambo ya dirisha la kuonyesha nyuma wataalamu wengine waje, mimi yangu ni jeusi.

Kabla ya yote hayo fanya kipimo hiki, inachukua nusu dakika. Ndani ya seva, piga Ctrl+V halafu kitufe cha End. Itaandika kitu kama `^[[8~`. Kisha:

`infocmp -1 | grep kend`

Ile `\E` ndiyo `^[` ya kwanza, kwa hiyo unatakiwa kuona `kend=\E[8~`. Ukiona `\EOF` na kitufe chako kinatuma 8, uko pale pale nilipokuwa mimi tarehe 11, na usifungue faili lolote la maana kwa vi hadi urekebishe. Kama ulishahariri chochote kule tangu uweke huo mstari, kafungue kila faili uangalie herufi kubwa zilizokaa mahali pa ajabu. Anza na fstab, orodha ya diski za kupachikwa, na skripti za bakapu. Leta mrejesho, na kama umekuta ya kwako usione aibu kusema, mimi nimeshasema yangu.