Mke Anapenda Shabaha? Basi Mguu wa Kuku Achague Mwenyewe

Juzi kaka mmoja wa Houston kanitumia meseji ndefu kweli. Anasema mke wake anapenda mno kulenga shabaha, wikiendi hazipiti hawajaenda renji (uwanja wa kulenga shabaha), sasa siku yao ya ndoa inakaribia anataka amfanyie sapraizi ya bastola ya kutembea nayo. Kashaiona dukani, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo nyepesi ina mpini wa pinki, "unaionaje kaka?" Nikamjibu neno moja tu, usinunue. Naona kanuna, toka hapo kimya. Haya, ngoja nimjibu kwa kirefu hapa maana wanaoniuliza hili swali ni wengi, nyie wa Dallas, nyie wa Arlington, hata wa Minnesota wapo.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mama watoto wangu hakufundishwa bunduki na mimi. Alipomaliza form six alienda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambi ya Mgambo kule Handeni, na mpaka leo ukimgusia habari za ukuruta hakusimulii mchakamchaka wala kwata, anakusimulia siku ya shabaha. Walivyolala kifudifudi na SMG (AK ile ile, bongo wote tunaiita SMG), afande anafoka nyuma yao, na teke la bunduki kwenye risasi ya kwanza lilivyompiga bega akaanza kucheka, wenzie wanalia yeye anacheka mpaka akaadhibiwa. Mi sikupitia huko, mi ni wa kile kizazi kilichomaliza shule kipindi mujibu wa sheria imesimamishwa, kati ya 1994 na 2013, kwahiyo bunduki ya kwanza nimeishika nikiwa mtu mzima hapa hapa Fort Worth na aliyekuwa anacheki nimesimamaje ni mke wangu. Na wala sioni aibu kuliandika hili.

Huku sasa ndo kanoga kabisa. Anacheza mechi za USPSA, zile za kukimbia na kulenga huku unapimwa muda, na anatumia CZ Shadow 2, Ceska ya chuma tupu, zaidi ya kilo 1.3 hata risasi hujaweka. Ukimwona nayo utasema anashona. Ule uzito unalimeza teke lote, mtutu hauruki, risasi zinafuatana kama hamna kitu.

Ila bastola ya mechi hutembei nayo. Hapo ndo wengi mnachanganya, mnafikiri mtu anayependa shabaha basi tayari, mpe chochote. Yeye ana saluni ya kusuka, anafunga usiku, hela ya siku iko kwenye mkoba, na parking yenyewe giza. Kuna siku gari lilimfuata kutoka pale mpaka karibu na nyumbani, akazunguka akaenda kusimama mbele ya kituo cha zimamoto ndo likakata kona. Usiku ule ule akasema nataka ya kubeba. Sikubisha.

Tukaenda duka moja, jina nalihifadhi. Jamani. Muuzaji anaongea na mimi. Mke wangu anauliza swali, jibu analeta kwangu! Akatoa rivolva ndogo ya risasi tano, akaniambia MIMI kwamba hii ni nyepesi, inafaa mwanamke, haina mambo mengi. Mama watoto akaishika, akaigeuza, akauliza trigga yake ina uzito gani, yule jamaa akatabasamu kama kaulizwa na mtoto. Mpaka leo nikipita ile barabara damu inachemka, sio siri.

Haya tuwekane sawa kuhusu hizo "nyepesi za wanawake" maana huo ni uongo unaotembea kila duka. Rivolva kama Smith & Wesson 642 ina gramu 400 na kidogo. Nguvu ya risasi ni ile ile, chuma kilichobaki kuipokea ni kidogo, sasa lile teke litaenda wapi kama sio kwenye kiganja chako? Halafu trigga yake ni ndefu na nzito, unavuta kama kilo tano hivi kila risasi wakati bastola yenyewe haifiki hata nusu kilo, lazima mtutu uyumbe. Hiyo ni silaha ya mtu mzoefu mwenye mkono mgumu, anayeanza utamuonea tu. Tuliikodi renji, maana renji nyingi za Texas zinakodisha, unalipa hela kidogo unajaribu hii unarudisha unachukua ile. Mke wangu kapiga raundi mbili za risasi tano tano, akaiweka chini, akaniangalia. Ile nyama kati ya dole gumba na cha shahada imekuwa nyekundu kama kaungua pasi. Akasema hii siwezi kuja nayo mazoezini kila wiki. Na hapo ndo penyewe. Mtu anayefurahia shabaha ukimpa kitu kinachomuumiza unamuulia ile furaha, na furaha ikifa mazoezi yanakufa, unabaki na bastola imelala kwenye droo na mtu ambaye siku ikitokea la kutokea mkono wake umeshasahau.

Kwahiyo kodini, jaribuni, yeye ndo ashike. Nimesema yeye ndo ashike.

Tukajaribu nyingi. Ruger LCP ni ndogo kama simu, inaingia hata mfuko wa suruali, gramu 270 hivi, ila unapiga huku umekunja uso. Shield EZ ya Smith & Wesson hiyo nawashauri wenye mikono isiyo na nguvu au wenye maumivu ya viungo, slaidi yake (kile chuma cha juu unachovuta nyuma kuikoki) imetengenezwa makusudi iwe rahisi kuvuta, mama mkwe wangu akija nampa hiyo. Mke wangu akasema ni nzuri ila inamuuzi ile kufuli ya nyuma ya mpini. Na kama tatizo ni slaidi kuwa ngumu, kabla hujakimbilia bastola nyingine badili namna ya kushika kwanza. Ishike slaidi kwa juu kwa kiganja kizima, leta bastola karibu na kifua, halafu sukuma mpini mbele badala ya kuivuta slaidi kwa vidole viwili. Nimeona wadada wanaambiwa "huna nguvu" kumbe hawajaonyeshwa tu.

Na kucha! Hakuna mwanaume atakayekwambia hili. Wangu anapenda kucha ndefu na hina juu, kusindilia risasi kwenye magazini mpya yenye springi ngumu ilikuwa vita, zile za mwisho mbili haziingii kucha inataka kung'oka. Kuna kikifaa cha plastiki cha kusindilia risasi, bei yake sio kitu, nunua hicho kabla hujaanza kumwambia mwenzio akate kucha.

Sasa ugomvi wetu. Mi nilitaka Glock 19 mbili, yangu na yake, zifanane. Hesabu zangu zilikuwa safi, magazini moja inaingia kote, risasi aina moja, nikiokota yoyote usiku najua kila kitu kiko wapi. Risasi 15, kila duka lina vipuri vyake. Hoja zangu zote hizo zimenyooka na bado nazisimamia. Mama watoto akapiga Glock 19 vizuri sana, vizuri kuliko mimi, akasema sitaki. Kwa nini? Mpini unamjaa, kidole kinafika kwenye trigga kwa ncha tu, na ukishajaza risasi inapita gramu 800, kiunoni kwake na nguo zake inavuta upande mmoja. Akachagua SIG P365XL. Ile P365 ya kwanza ilipotoka 2018 ndo iliwaduwaza watu, risasi kumi kwenye kitu kidogo vile, na XL ikafuata na mtutu mrefu kidogo na risasi 12. Mkono wake umeingia pale kama glavu. Tukabishana kwenye gari mpaka tukapitiliza njia ya nyumbani, mi magazini magazini magazini, yeye kaniuliza swali moja tu, "Baba, siku hiyo utakuwepo wewe?"

Basi.

Ya kwake akalipa kwa hela yake, akajaza fomu mwenyewe. Na hii fomu, ile 4473 ya serikali unayojaza ukinunua silaha dukani, muisome jamani. Kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au kazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho hairuhusu umiliki bunduki, isipokuwa mambo machache kama leseni ya uwindaji. Green card inaruhusu. Na dukani bastola lazima uwe na miaka 21. Halafu msije mkanunuliana, kaka ananunua kwa jina lake kwa ajili ya shemeji ambaye hana sifa, hilo ni kosa la jinai tena kubwa. Zawadi ya kweli kwa mtu mwenye sifa ni halali, kwahiyo yule kaka wa Houston kisheria hana kosa, shida yake ni akili tu, samahani kaka.

Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 na asiye na zuio anabeba bila leseni, watu wakafurahi wakaacha kuchukua leseni. Nyie wenye watoto chukueni. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya kama mita 300 kutoka shule, na anayesamehewa ni yule mwenye leseni ya jimbo husika, au silaha iwe tupu ndani ya boksi limefungwa. Wewe unapeleka watoto shule asubuhi bastola kiunoni huna leseni, unajua uko wapi? Leseni ni dola 40, darasa la masaa machache, na mtihani wa risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15, ukipata 175 kati ya 250 umepita. Tulifanya siku moja mimi na yeye. Alama zake sizitaji, zangu ndo kabisa, ila mwalimu alibandika karatasi ya mke wangu ukutani na mi nikaipiga picha nikawatumia wakwe zangu Tanga, baba mkwe akajibu "huyo ni wa Mgambo huyo." Nilijisikia kama nimeoa bondia. Na kuingia na silaha baa zenye bango jekundu la 51% (yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe) msijaribu hata kwa leseni.

Kubeba kwenyewe ndo kulitusumbua kuliko kuchagua. Maduka yanadhani kila mtu anavaa jinzi na mkanda mpana. Mke wangu anavaa dera, anavaa gauni, harusi zetu anavaa kitu cha kubana mpaka chini, holsta, ile ala ya bastola, utaiweka wapi? Jibu la haraka kila mtu anakwambia mkoba. MKOBA HAPANA. Desemba 2014 kule Idaho, ndani ya Walmart, mtoto wa miaka miwili alitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake akampiga akafa pale pale. Mama aliyejua bunduki vizuri na leseni anayo. Mkoba unauweka kwenye troli, unamuachia mtoto, unaporwa, na mwizi akichukua mkoba kachukua vyote. Yeye siku za dera anavaa mkanda mpana wa tumboni, ndani yake kuna holsta ya plastiki ngumu inayofunika trigga yote, dera linaficha kila kitu kuliko koti langu. Siku za nguo ya kubana anaiacha kwenye kasiki nyumbani, habari imeisha. Na kasiki sio hiari, Texas mtoto chini ya miaka 17 akiifikia silaha yako yenye risasi kwa uzembe wako unashtakiwa. Kingine, mwenzio akiwa mjamzito renji za ndani aache, ile hewa ina vumbi la madini ya risasi (lead), sumu kwa mtoto tumboni. Wangu alikaa nje miezi yote na alikuwa na hasira kweli.

Kuna mtu kwenye grupu letu aliandika "mwanaume gani huyu analindwa na mkewe", na mwingine akaongezea "siku mkigombana je?" Wa kwanza simjibu. Ila wa pili ana swali la maana ingawa aliuliza kwa kejeli, na nawaambia bila kupepesa: nyumba yenye ngumi, yenye vitisho, yenye pombe ya kulala barazani, hiyo nyumba haitakiwi kuwa na bastola hata moja, iwe ya mke au ya mume. Sheria yenyewe tangu 1996 inamnyang'anya silaha aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenza wake hata kama kosa ni dogo. Mwanaume ambaye anaogopa mkewe akiwa na silaha ajiulize anaogopa nini hasa. Mi nalala usingizi.

Kwa sasa tunabishana habari ya lile doa jekundu la kulengea, yeye anataka kulifunga juu ya P365XL, mi nasema betri itaisha siku mbaya, yeye anasema betri inabadilishwa kila mwaka siku ya bethdei yangu. Jana nimekuta boksi mlangoni.