Wati 12000 zilivyoniaibisha mbele ya baba mkwe, na nilichojifunza kuhusu spika za nyumbani

Jumanne usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Makambako, anasema kaka nimejibana nina laki nne, nataka mziki wa sebuleni, nimeoneshwa sabufa ya wati 15000 na jamaa mwenye duka anasema ikipiga majirani watahama, ila rafiki yangu anasema nichukue spika ya JBL, we unasemaje. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata. Huyo kijana ni mimi kabisa, mimi wa miaka sita nyuma, tofauti ni kwamba yeye kauliza kwanza.

Nilianza kumjibu pale pale nikaona meseji inarefuka kama barua ya posa, nikasema bora niiweke hapa na wengine wasome. Najua wengi mnaonisoma ndoto yenu ni ileile yangu, umetoka kazini, baridi la Mbeya la mwezi wa 6 linakata masikio, unavua viatu, unawasha mziki wako unakaa, basi. Sio mambo makubwa.

Sasa mimi nakaa Uyole. Mwanangu wa kwanza alikuwa anapata kipaimara, nikaona siwezi kuazima redio kwa watu mtu mzima na familia yangu, nikashuka Mwanjelwa na hela mfukoni. Duka silitaji. Jamaa akaniona tu nilivyoingia akajua huyu wa leo. Akaweka wimbo ambao karibu wote ni besi, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akanishika mkono akauweka kwenye lile tundu la hewa ubavuni mwa boksi, "sikia huo upepo boss wangu". Na upepo kweli ulikuwepo, hadi suruali ilikuwa inachezacheza. Mbele kuna stika ya dhahabu, 12000W PMPO, na spika mbili ndogo juu zinang'aa kama macho ya paka. Nikalipa. Sikusikiliza sauti ya mtu hata dakika moja, kumbukeni hilo maana nitalirudia.

Siku ya sherehe turubai limejaa, baba mkwe katoka Kyela, mzee wa heshima zake, anapewa maiki awaombee watoto na kutoa neno. Kwanza sauti inatoka kama mtu anaongelea ndani ya pipa. Watu wanatazamana. Nikaona dawa ni kuongeza, nikaongeza. Sabufa ikakoroma, ikakoroma tena, ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, kimya. Mzee anapuliza maiki, fuu, fuu, anadhani shida ni yake. Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sauti ambayo haikuhitaji maiki, akasema "shemeji, zile wati elfu kumi na mbili zimeenda kula?"

Turubai zima. Hadi waliokuwa kwenye masufuria huko nyuma. Mke wangu naye alicheka, akajifunika na khanga akidhani sijamuona. Nilimuona.

Nilirudi dukani Jumatatu, nikaambiwa waranti haihusu kuungua. Nikaipeleka kwa fundi, na yule fundi ndo mwalimu wangu wa kwanza kwenye haya mambo. Akaifungua mbele yangu. Sumaku ya ile spika kubwa ilikuwa kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, nyeusi tii. Halafu akageuza zile spika mbili ndogo zinazong'aa akaniuliza, unaona waya hapa? Hakuna waya. Yalikuwa mapambo! Yaani miezi mitatu mapambo yale nimeyafuta vumbi kwa kitambaa laini.

Halafu akanionesha kibati cha nyuma, kale ka maandishi madogo ambako hakuna anayekasoma, kameandikwa inakula umeme wati 40. Akasema sasa we fikiria, kitu kinachukua wati 40 ukutani kitatoaje wati 12000? Jagi la umeme la kuchemshia maji ni kama wati 2000, kwahiyo hiyo ingekuwa sawa na majagi sita yanachemka kwa pamoja, saa moja tu ya mziki ungekula uniti 12 za luku. Nilikaa kwenye benchi la fundi nikajiona mjinga mpaka nikapoa.

Ndo maana nawaambia kila siku, PMPO ni namba ya kuuzia. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata kwenye hiyo PMPO, kila mtu anajiandikia anavyojisikia. Inayoeleweka ni RMS, ile nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kufa. Na hata hiyo RMS usiiabudu, ukitoka wati 20 kwenda 40 sikio linapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti unaisikia lakini ni ndogo, ili usikie mziki umekuwa mara mbili unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwahiyo mwenye wati 50 za kweli na mwenye wati 60 za kweli wakibishana baa waacheni wamalize bia zao.

Baada ya pale nilikaa kama miaka miwili sina mziki, naruka hapo, hakuna cha kusimulia, nilikuwa nasikiliza simu kwenye bakuli.

Spika nilizonazo sasa nilizipata Tukuyu kwa mama mmoja aliyekuwa anahama anauza vitu vya ndani. Nilifuata meza. Nikakuta visanduku viwili vya mbao, vifupi kama ndoo ndogo, vimeandikwa Wharfedale Diamond, jina hata kulitamka sikuweza. Nikakiinua kimoja, kizito! Nikabonyeza pembeni ya koni, ile sehemu ya spika inayocheza mziki ukipiga, nikagusa ule mpira unaoizunguka, laini hauna mpasuko (ukikuta ni sponji ya zamani inayomeguka kama keki kavu, ondoka). Nikachukua vyote viwili kwa hela ambayo meza ingenila, na Mbeya mjini nikatafuta ampu, mashine ya kuzipa spika nguvu, ya Yamaha iliyotumika. Shemeji alipoviona akaniuliza kama ni vya kompyuta. Sawa.

Usiku ule nikaweka zilipendwa. Kuna sehemu mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaingia kwenye beti. Huo wimbo nimeusikia tangu niko mdogo kwa baba na sikuwahi kujua kwamba huyo mtu anavuta pumzi! Vidole vya mpiga gitaa vinateleza kwenye nyuzi unavisikia. Nilimwita mke wangu jikoni akaja na mwiko, akasikiliza, akasema "sauti iko pale katikati lakini pale hakuna kitu". Nikasema ndo yenyewe hiyo.

Ila nisiwadanganye, haikuwa hivyo siku ya kwanza, wiki mbili za mwanzo besi haikuwepo kabisa na nilikuwa nimeshaanza kumlaumu yule mama wa watu. Kumbe spika moja nilikuwa nimechomeka nyekundu kwenye nyeusi. Koni moja ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, besi zinauana hewani. Geuza waya, imeisha. Wiki mbili!

Sasa kwenye makampuni, maana ndo mlichofuata. Mwezi uliopita Jumapili nilifanya kitu nilichokitamani siku nyingi, mpwa wangu anayesoma chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya alikuja na JBL Charge 5 yake, rafiki yangu mmoja wa Ilomba akaja na Sony ya kusimama, ile ndefu ya mataa, imekuja kwenye bajaji imefungwa na kamba kama mbuzi wa sikukuu, na jirani akaleta Edifier R1280T zake mbili. Na za kwangu. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, tailizi chini, jipsam juu.

Sony ilitufukuza, nasema kwa heshima. Kwenye turubai hiyo mashine ni mwanaume, besi inakita unaisikia kwenye mbavu, lakini sebuleni taarifa ya habari ikawa kama msomaji ana mafua. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wamesimama, sisi tulikuwa tumekaa. JBL ya mpwa wangu ndo ilinishangaza, kitu hakifiki hata kilo moja, wati 30 za besi na 10 za juu, RMS hizo, kinajaza chumba na sauti ya mtu iko safi. Tatizo ni moja tu kwangu, kila kitu kinatoka sehemu moja, kushoto na kulia vimebanana, ule mchezo wa mwimbaji kukaa katikati haupo mpaka uwe nazo mbili. Edifier, aisee. Koni ya inchi 4, wati 42 kwa zote mbili, ampu iko ndani humo humo, unachomeka simu au tivii unapiga. Besi ya chini kabisa haina, ila sauti ya mwanamke anayeimba kwaya ilitoka vizuri mpaka jirani akavimba kichwa. Za kwangu zilizishinda kidogo, na sisemi hivyo kwa sababu ni za kwangu. Sawa, kidogo ni kwa sababu ni za kwangu.

Saa kumi na moja jioni umeme ukakata, ikabaki JBL peke yake inaimba gizani, mpwa wangu anatutazama. Hiyo nayo ni hoja, siikatai.

Bose sikuwa nayo siku hiyo, niliisikia Iringa sebuleni kwa mzee mmoja, kadude kadogo juu ya meza kanatoa mziki mkubwa kuliko umbo lake, bei yake sasa ndo utakaa chini. Lakini huyo Amar Bose mwenyewe nampenda kwa sababu moja, mwaka 1956 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani akajinunulia redio ya maana kwa kusoma namba zake za kitaalamu, akafika nyumbani ikamuudhi, ndo akaanza kutafiti mpaka akafungua kampuni 1964. Kumbe hata wasomi wa Marekani wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Wharfedale nayo ilianza 1932 na Gilbert Briggs huko Yorkshire, Uingereza, siku hizi ni ya Wachina na zinatengenezwa China, na sijaona ubaya. JBL iko chini ya Harman, walewale wenye Harman Kardon na Infinity, na Harman ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017. Kwahiyo nyie mnaotukanana JBL na Harman Kardon mnagombana ndugu wa baba mmoja.

JBL feki zimejaa lakini. Ishike mkononi, ikiwa nyepesi kama maboga yaliyokauka iache, halafu fungua app ya JBL kwenye simu uone kama inaitambua. Muuzaji akikasirika kwa sababu unapima, huyo keshakujibu.

Na vijana jamani, spika zisikae juu ya kabati la vyombo! Nyumba kumi nikiingia nane spika ziko juu ya kabati la vioo, vikombe vya harusi vinalia kuliko mziki, halafu mtu anasema kampuni fulani mbaya. Sabufa umeisukumiza kwenye kona, kona inaongeza besi inakuwa uji, isogeze. Zitoe spika ukutani kama sentimita 40, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa spika mpaka kwako. Piga makofi sebuleni, ukisikia yanarudi ujue tailizi zako zinakuharibia, weka zulia, weka pazia zito. Mimi nilitundika blanketi ukutani nyuma ya kochi, mke wangu akasema wageni watajua tumeanika, lakini mwangwi ulipungua na blanketi tunalo, huku kwetu nani hana blanketi. Haikunigharimu hata mia. Watu wanatupa laki tano kununua kampuni nyingine wakati dawa ni blanketi na msumari, kwa sababu tunapenda kuoneshana stika badala ya kusikia, na nasema tunapenda maana nilikuwa wa kwanza.

Haya, wa Makambako. Hiyo ya wati 15000 achana nayo, geuza nyuma usome kibati utajionea mwenyewe. Kama unakaa sehemu moja na umeme upo, tafuta spika mbili za aina ya hiyo Edifier, ukikosa huko agiza Dar zitakuja na basi, au za mbao zilizotumika kama mpira wa koni ni mzima. Kama unahamahama au umeme unasumbua, JBL original ndogo. Nenda na simu yako, na wimbo wako unaoujua kila kona, mwambie muuzaji arudishe besi kwenye sifuri, halafu weka mtu anaongea. Taarifa ya habari, mahubiri, chochote. Ukiisikia sauti kama mtu amekaa mbele yako, lipa. Ikitoka kama ya baba mkwe wangu siku ile, rudi nyumbani na hela yako.

Shemeji alikuja wiki mbili zilizopita. Alikaa kwenye kochi, mziki unapiga polepole, nikamuona anainama anachungulia chini ya meza. "Sabufa umeiweka wapi?" Nikamwambia hakuna. Akainuka akaangalia nyuma ya pazia. Jana kapiga simu, binti yake ana send-off mwezi wa 9, anauliza kama naweza kumwazima vile visanduku. Nimemwambia shemeji, vile si ni vya kompyuta.