Usiunge bomba la siti, mdogo wangu

Juzi usiku kijana mmoja wa Njombe ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nina urefu wa mita 1.91, baiskeli yangu ya gia ni fremu ya inchi 17. Nikikaa, magoti yanakaribia kugonga usukani. Fundi kasema ataniungia bomba la siti kwa kuchomelea ili liwe refu, elfu nane tu. Nimpe?"

Niliusoma ujumbe ule mkono wa kushoto ukiwa juu ya paja, pale penye kovu. Nyuzi 11. Nikaandika "Usimpe," nikafuta. Jibu la neno moja lingemfanya aone kaka yake ana dharau, halafu fundi angempa maneno matamu na elfu nane ingekwenda. Kwa hiyo namjibu hapa kwa urefu, maana najua hayuko peke yake. Sisi warefu tunaopenda milima tuko wengi, na baiskeli za mitumba zinazotufikia ni za watu wa kimo kingine.

Mimi nina sentimita 188 na kilo 92. Baiskeli yangu ya kwanza ya mlimani niliinunua Arusha, fremu ya inchi 17, magurudumu ya 26, shokapu mbele, rangi ya machungwa iliyonipofusha. Muuzaji aliniambia, "Bosi, siti inapanda, usiwe na wasiwasi." Kweli ilipanda. Ilipanda hadi ile mistari midogo iliyochongwa karibu na mwisho wa bomba ikatoka nje, nami nikaiona nikadhani ni mapambo. Wiki ya tatu bomba likapinda kuelekea nyuma kama ndizi mshale. Nilipomrudia, alitazama bomba, akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Wewe ndiye mrefu." Maneno hayo nimeyabeba miaka saba sasa. Kana kwamba urefu ni kosa nililolifanya dukani kwake.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Hodari kweli, mageti yake yanasimama hadi leo. Akachukua bomba langu la aluminiamu na kipande cha bomba jingine, akaviunga, akasaga kiungo mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Sentimita 45! Nilitoka pale nimenyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza miguu yangu ilikunjuka inavyotakiwa. Nikaona nimeshamaliza mambo. Nikajiandikisha kwenye safari ya wenzangu, Lushoto hadi Mtae na kurudi.

Kama hujawahi kwenda Mtae, nenda. Unatoka Lushoto, unapita Magamba kwenye msitu wenye baridi ya kukata masikio, kisha Malindi, Lukozi, Rangwi, Sunga, barabara inapanda na kushuka kama haijui inachotaka, hadi unafika kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima. Chini yako ni tambarare ya Mkomazi. Najua kila anayesoma hapa ana ndoto hiyo au nyingine inayofanana nayo.

Kwenda nilikwenda vizuri. Kurudi, tukiwa tumeipita Sunga, nimekaa kwenye siti nikila muwa (upumbavu mwingine huo), gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Nilisikia mlio mfupi, kama kijiti kikavu. Siti ikaanguka nyuma, mimi nikashuka juu ya kile kilichobaki kimesimama: bomba lililovunjika, mdomo wake wazi kama kopo la nyama lililofunguliwa kwa kisu. Lilinichana paja upande wa ndani. Sentimita chache kulia, na makala hii ingekuwa ya aina nyingine kabisa.

Wenzangu watatu walikuwa mbele. Mmoja alirudi. Alinipiga picha kwanza, ndipo akanifunga kitambaa. Jioni, mimi nikiwa zahanati nashonwa, picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi letu la WhatsApp ikiwa na maneno "Twiga kaanguka". Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilijiondoa kwenye kundi, na hadi leo hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Bomba lile halikuvunjika kwenye kiungo. Lilivunjika kando yake, kama sentimita moja. Nilimlaumu fundi miezi mingi kabla sijaelewa kwamba kiungo chake kilikuwa kizima. Aluminiamu ya mabomba haya hupewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea mtaani, sehemu iliyo jirani na kiungo inapoteza ugumu huo, inalainika, na hakuna wa kuurudisha. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana namwambia mdogo wangu wa Njombe kwamba hata ukipata fundi bora kuliko wote mkoani kwenu, jibu ni lile lile. Usiunge.

Sasa tuzungumze namba, maana urefu bila namba ni majigambo.

Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya miguu hadi kiguse mfupa, pima kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Mimi napata sentimita 90. Zidisha kwa 0.883. Ni kanuni ya zamani ya waendesha baiskeli wa mashindano, na inakupa umbali kutoka katikati ya ile ekseli ya chini ya fremu, inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Kwangu ni 79.5. Fremu ya inchi 17, yaani sentimita 43 za paipu ya siti, inachukua 43 kati ya hizo, siti yenyewe na reli zake kama 5. Zinabaki 31.5, ambazo lazima ziwe bomba lililo nje.

Bomba la kawaida lina milimita 350, yaani sentimita 35. Kwa hiyo mimi, na siti "iliyopanda bosi", nilikuwa na sentimita 3.5 tu ndani ya fremu. Tatu na nusu! Fikiria mtaimbo. Nguvu inayosukuma siti kwenda nyuma inapofika kwenye ncha ya ndani ya bomba inakuwa imezidishwa karibu mara 9. Ningekuwa na bomba la milimita 410, ndani zingebaki 9.5, na ile mara 9 ingeshuka hadi kama mara 3 na kidogo. Siti ni ile ile na mwili ni ule ule, lakini mateso ya chuma yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Ndiyo maana nasema bomba refu kazi yake kubwa iko ndani, mahali usipopaona. Watu wanalipima kwa jinsi linavyoipandisha siti. Lipime kwa kiasi kinachobaki kwenye koo la fremu. (Koo ni jina langu mwenyewe la ile paipu inayolimeza bomba la siti. Mafundi wananicheka, lakini wanaelewa.) Ile mistari niliyoiita mapambo ndiyo kikomo: ikionekana, shuka. Na hata isipoonekana, hakikisha bomba limepita pale ambapo paipu ya juu ya fremu inaungana na koo, likazidi kidogo. Fremu nyingine koo lake limechomoza juu ya kiungo hicho sentimita tano au sita. Bomba lako likiishia humo, litakaloanza kupasuka ni fremu, na fremu ndiyo baiskeli.

Unene ni suala jingine, na hapa hakuna kuchagua. Fremu imeshakuchagulia. Kwa milimita, kuna 27.2, kuna 30.9, kuna 31.6, na nyingine za katikati zinazofanana hadi zinachosha. Fremu yangu ilitaka 31.6. Bomba la pili nililouziwa, baada ya kovu, lilikuwa 30.9, na muuzaji akalizungushia kipande cha kopo la soda. Akalibana, likakaa. Tofauti ya milimita 0.7 unaweza kuiona ndogo. Baada ya siku mbili siti ilikuwa inashuka yenyewe kidogo kidogo kama jua la magharibi, na bomba likawa na mikwaruzo ya kuzunguka, na mkwaruzo wa kuzunguka ndipo ufa unapopenda kuanzia. Kama huna budi kutumia bomba jembamba, nenda kwa mtu wa mashine ya kukereza akutengenezee bushi nzima ya aluminiamu, ndefu, ishuke chini kabisa kwenye koo. Kopo la soda ni la soda.

Kwa hiyo azima venia, kile kipimo cha kubana kinachosoma hadi sehemu za milimita. Rula haitoshi, na jicho la fundi halitoshi hata awe mzee. Namba mara nyingi imechongwa kwenye bomba la zamani, chini, chini ya uchafu. Futa usome.

Bomba nililonalo leo nililinunua kwa mzungu aliyekuwa anamaliza mkataba wake Moshi, akiuza vitu vya nyumbani: friji, makochi, na boksi la vipuri. Ni Thomson Elite, 31.6 kwa 410. Nililijua kwa kusoma usiku mwingi nikiwa nimelala na paja langu. Halijaungwa mahali, kichwa na bomba ni kipande kimoja kilichochongwa kwenye mashine. Ukichungulia kwa chini, tundu lake la ndani ni la yai wakati nje ni duara. Nyama imeachwa nene mbele na nyuma, ambako uzito wa mpandaji unalikunja, ikapunguzwa kando. Kichwani lina bolti mbili, moja mbele moja nyuma, kwa hiyo siti haiinamishi pua kila ukigonga jiwe kama yale ya bolti moja yenye meno yaliyolika. Nilitoa elfu tisini. Shemeji yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Bomba, shemeji? Elfu tisini?" Anayecheka hajawahi kushonwa.

Si lazima ununue la jina hilo. Chungulia kwa chini, uone ukuta wa bomba ni mnene. Tafuta bolti mbili. Kama wewe ni mzito, epuka lile ambalo kichwa chake kimerudishwa nyuma sana, maana linaongeza urefu wa mtaimbo. Stika inayosema aluminiamu ya 7075, yaani ile aina ngumu, ni karatasi, nayo inabandikika popote. Na la karboni la mtumba usiliguse hata ukipewa bure, kwa kuwa hujui lilibanwa vipi na nani.

Ukishalipata, paka grisi kabla ya kuliingiza, hasa kama fremu ni ya chuma na unaishi Tanga au Dar kwenye hewa ya chumvi. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na unyevu vinashikana kama ndugu wa mirathi, na utalikata kwa msumeno. Litoe kila mwezi, lifute, likague pale linapobanwa. Usikaze kwa hasira.

Lakini sijasema kitu kibaya zaidi, na hiki kijana wa Njombe hatakipenda. Kwa mita 1.91, fremu ya inchi 17 si yako. Mimi nilibadilisha, nikachukua ya inchi 19. Bomba lile lile sasa limetoka nje sentimita 26.5 na 14.5 ziko ndani, mara 9 imekuwa chini ya mara 2. Jumamosi iliyopita nilikwenda Mtae na kurudi, peke yangu, nikapita pale pale penye mfereji. Nilisimama, nikanywa maji, nikaupiga picha. Sikuituma kwa yeyote. Sawa, nimeituma kwa shemeji.

Vijana, acheni kupenda rangi. Acheni kusikiliza anayewaita bosi. Baiskeli inunuliwe kwa kipimo cha miguu yako, na muuzaji akikuambia wewe ndiye mrefu, mwambie ndiyo, kisha toka dukani.

Na wewe wa Njombe, fundi mpe pole, elfu nane iweke. Kesho bana kitabu, pima, unitumie namba hiyo pamoja na picha ya venia ikiwa kwenye bomba lako. Kama itakubidi uendelee na inchi 17 kwa sasa, tutatafuta la milimita 410. Kwa miguu yako hata hilo huenda likabaki fupi, kwa hiyo siti utaishusha sentimita mbili na magoti yatalalamika kidogo. Picha ya rangi ya fremu usinitumie.